Usukani wa Ndege, Kambi ya Panda

Harufu ya risasi inayoyeyuka haibishi hodi. Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana anayetengeneza simu chini ya mwavuli pale sokoni. Mara tu alipogusa uzi wa risasi kwa chuma chake cha moto, moshi mwembamba ukanipanda puani, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wa kuoa na presha ya kumezea vidonge, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza yake kama mgonjwa. "Mama, kuko nini?" akaniuliza. Nikamfokea afanye kazi yake. Maskini, hakuwa na kosa lolote. Nilimwachia simu nikaenda kukaa mbali, na hukohuko nikaamua kuyaandika haya. Wenzangu wa rika langu, mliolelewa katika nyumba za Kampuni ya shaba kule Likasi, mtanielewa upesi kuliko watoto wangu, ambao wakisikia nasema "kambi" hudhani nilikuwa mkimbizi.

Nyumba yetu ilikuwa Panda, katika zile safu za nyumba zilizofanana mpaka mlevi anaingia kwa jirani na kuvua viatu. Papa alikuwa fundi wa vipimo kiwandani. Zile saa za ukutani zinazoonyesha joto na nguvu ya mvuke zikianza kudanganya, anaitwa yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole virefu vilivyoungua ncha, na hiyo harufu ya risasi ndiyo iliyokuwa manukato yake. Mkasai, ndivyo watu walivyosema. Lakini Kasai, mkoa wa mbali, hakuwahi kuiona hata kwa picha. Baba yake ndiye aliyeletwa na treni zamani kuja kuchimba shaba. Papa mwenyewe alizaliwa palepale Panda, kitovu chake kikazikwa palepale, na Kiluba cha kwao alikizungumza vibaya kiasi cha kuchekwa na wazee kanisani. Mama alikuwa wa hapa, Msanga, ndugu zake wavuvi wa mto Lufira. Mimi nilikuwa kifungua mimba, nikapewa jina la mama yake Papa, Ngalula. Baada yangu alikuja Beya, mdogo wangu, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha.

Kompyuta iliingia nyumbani ndani ya toroli, imefunikwa majani ya viazi. Askari walikuwa wamepora mji, Wazungu wa Kampuni wakaondoka na mizigo ya mkononi tu, na injinia mmoja aliyempenda Papa akamwambia aichukue mashine ya nyumbani kwake kabla wengine hawajaichukua. Papa aliiweka juu ya kabati fupi la sebuleni, mahali pa sanamu ya Bikira Maria. Mama akaihamisha sanamu, akanung'unika siku nzima kwamba sasa nyumba hii inaabudu sanduku. Sisi watoto tulikaa mbele yake tukingoja sinema. Badala ya sinema zikatoka herufi, kisha mbingu ya buluu, kisha barabara moja ndefu, na chini yake visaa vidogovidogo kama vile vya kiwandani kwa Papa. Ulikuwa mchezo wa kurusha ndege. Nilimwona Papa akiviangalia vile visaa na kutabasamu peke yake, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Mchezo wenyewe ulichezwa kwa kubonyeza herufi. Papa alijaribu jioni moja, ndege ikawa inaanguka kila inapoinua pua, naye akasukuma kibodi pembeni kwa dharau.

"Habaendeshake ndege na vidole, kama muntu anapika mashine ya kuandika ya bureau," akasema. "Mukono inafaa isikie kilo, isikie buzito."

Kesho yake akaanza kuunda usukani.

Sijawahi kuona tena mtu akiunda kitu kwa furaha namna ile, na huku mji wenyewe unabomoka. Posho ya unga ilikuwa haifiki, nusu ya kiwanda imezimwa, mafundi wanakwenda kazini kukaa tu. Papa alirudi jioni mifuko yake imevimba. Alichukua usukani wa baiskeli iliyokufa, akaukata pembe, akauunga kwenye bomba, na bomba akalipitisha ndani ya beringi ya mkanda wa kubebea mawe, likawa linazunguka na kuteleza mbele na nyuma bila kelele. Kitanda chetu, mimi na Beya, kikapungukiwa na springi kadhaa, tukawa tunalala tukikutana katikati. Lakini siri ya kazi yote, alinieleza, ni kile kidude kilichojificha nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Ukikizungusha, umeme unapita kidogo au unapita sana. Kwenye redio kinaongeza sauti; ukikifunga kwenye usukani, kinaiambia mashine umekata kona kiasi gani. Yeye alikiita potensio, na mimi nikalibeba neno hilo shuleni kama pipi mdomoni.

Shida ni kwamba potensio huzeeka. Redio ikikwaruza unapoongeza sauti, basi ujue kidude hicho kimechafuka. Na ukikitia kwenye ndege, ndege nzima inatetemeka kama ina homa. Kwa hiyo Papa akapita kwa majirani akiomba redio zilizokufa. Wengi walimpa huku wakimcheka. Mama Deo, jirani yetu wa ukuta mmoja, yeye alimpa redio nzima, tena iliyo hai.

"Beba yote, Papa Ngalula," alisema, akiipakata kama mtoto aliyemchosha. "Siku hizi iko nasema bubaya tu. Toa hata moyo yake."

Nilidhani ubaya alioutaja ni ile mikwaruzo. Nilikuwa mtoto, sikuwa nasikiliza hotuba. Kwenye hotuba za redioni, wakubwa wa chama cha jimbo walikuwa wanasema waziwazi kwamba Wakasai wamekula nchi ya wenyewe vya kutosha, sasa warudi kwao. Neno "warudi" nililisikia sana na wala sikujihusisha nalo, maana sisi kwetu kulikuwa palepale.

Ugomvi ninaoukumbuka wa siku zile ni wa pedali. Ndege huendeshwa kwa miguu pia, na pedali pekee iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ya cherehani ya Mama.

"Na nguo ya bantu nitashona na nini?" Mama aliuliza, mikono kiunoni. "Na meno?"

"Mangaribi tu, Mama Ngalula. Muchana ni yako."

"Mangaribi weye unaruka, asubui minye natafuta mukanda yangu chini ya kitanda! Uko muntu mukubwa, weye?"

Papa akapiga magoti akaikumbatia ile cherehani kama mchumba, akaibembeleza kwa jina la Mama, na Mama akashindwa kukaza uso. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Jioni Papa anachomoa mkanda wa ngozi wa cherehani na kufunga waya kutoka kwenye pedali. Asubuhi Mama anachomoa waya na kurudisha mkanda, akisonya. Ukikanyaga mbele, pua ya ndege inakwenda kulia. Ukikanyaga nyuma, kushoto. Mkono wa kuongeza nguvu za injini ulitoka kwenye winchi ndogo iliyotupwa, mzito, hausogei mpaka uuegemee.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma. Miwani ya Papa ilikuwa na kioo kilichopasuka, na mikono na miguu yake yote ilikuwa kazini, kwa hiyo nilikaa kwenye kreti kando yake nikimpigia kelele za namba kwa Kifaransa cha shule, kimo cha ndege na upande tunakoelekea. "Mille deux cents, Papa! Mille trois cents! Cap zéro neuf zéro!" Beya alikuwa abiria, alikaa nyuma na kujifanya anatapika. Papa hakuitikia kwa maneno. Aliitikia kwa usukani, na nilipoona mbingu nzima inalala ubavu kwa sababu ya namba niliyoitaja mimi, wee, nilijiona mtu mkubwa kuliko padri.

Jioni moja tukiwa juu ya ziwa, kwa maana mchezo ule ulikuwa na ziwa kubwa, nilimwuliza kule ng'ambo, kwenye ardhi ya kijani isiyo na nyumba wala mti, ni wapi.

Papa akaituliza ndege. "Kule?" akasema. "Kule njo kwetu."

"Papa Ngalula!" Mama akamkatiza kwa ukali kutoka mlangoni, alikokuwa anachambua majani ya sombe. Papa akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake.

Mimi jibu lile nililichukua kama lilivyo. Kumbe ndiyo maana anajifunza! Watu wanamwambia aende kwao, kwao njia haijui, sasa anaitafuta kwa ndege ili atuchukue wote. Niliona ni mpango wa akili sana. Tangu siku ile nilizisoma namba kwa makini zaidi, nisije nikatupoteza.

Kilichotuponza ni waya. Umeme wa bwawa la Mwadingusha miezi ile ulikuja ukiyumba, na sanduku la mashine likawa linatupiga shoti, hivyo Papa akapigilia kipande cha shaba ardhini nje ya dirisha na kuvuta waya hadi ndani. Sasa fikirieni wenyewe jirani anaona nini. Waya umetoka dirishani, na kila jioni, ndani, mlio wa krrr wa ile ndege ya mchezo, usiokatika, na sauti inayotaja namba. Kwetu kitu cha namna hiyo kina jina moja tu: foni. Mnaikumbuka foni, ile redio ya kuongelea ya wafanyabiashara na misheni, mtu anafoka namba na majina ya miji na sauti inamjibu kutoka mbali. Kabla ya simu za mfukoni hakukuwa na njia nyingine ya kujua mgonjwa wa Kamina ameamkaje. Basi uvumi ulipoanza bombani, kwenye foleni ya maji, kwamba Papa Ngalula ana foni na kila jioni anawaita Wakasai wenzake waje na silaha, hakuna aliyeuona ni upuuzi. Lisemwalo lipo, walisema. Na yule binti yake ndiye anayetaja hesabu ya watu, waliongeza: mille deux cents, mille trois cents, kila siku wanazidi.

Walikuja siku ya Mungu baada ya misa, vijana wa chama, wamejifunga majani kichwani. Mbele yao alikuwa Deo, mtoto wa Mama Deo, ambaye Papa ndiye aliyemfundisha kuziba pancha na kusuka waya za taa.

"Bonjour, Papa Ngalula," akasema, macho yake yako ukutani. "Basema hapa kuko foni. Tumekuya kuiona."

"Ingia," Papa akamjibu. "Ikala."

Deo hakutegemea kukaribishwa. Papa akachomoa mkanda wa cherehani, akafunga waya wake, akawasha mashine, akamkalisha Deo kwenye kiti chake mwenyewe na kumwekea mikono juu ya usukani. "Vuta polepole. Sikia kilo," akamwambia. Na mimi, mjinga wa Mungu, nikakaa kwenye kreti yangu nikaanza kusoma. Deo akainua ndege. Wenzake wakajazana nyuma yake, mapanga wameyaegemeza mlangoni, wanasukumana waone. Halafu akavuta kupita kiasi, ndege ikasimama hewani, ikaanza kuanguka. "Cinq cents! Quatre cents! Shusha pua, yaya Deo! Shusha pua! Trois cents!" Ikatumbukia ziwani. Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Deo mwenyewe alicheka, akafuta machozi kwa mkono wa shati. Mama akaleta munkoyo kwenye jagi, wakanywa kwa zamu. Nilifurahi mno. Niliona yamekwisha, tena yamekwisha vizuri.

Deo akawa anavigusagusa vile vidude kimoja kimoja. "Hii ni ya redio ya mama?" akauliza. Papa akasema ndiyo. Deo akaweka kikombe chini.

"Haina foni, Papa. Nimeona na macho yangu." Akasimama. "Lakini train iko siku ya Posho. Mutapanda."

Siku ya Posho ni Jumamosi. Ndivyo tulivyoiita, kwa sababu zamani Kampuni iligawa unga siku hiyo.

"Deo," Papa akasema. "Minye nilizaliwa hapa. Nyumba ya mama yako na yangu ni ukuta moja."

"Nayua, Papa."

"Na minye?" Mama akauliza.

"Weye, mama, uko wa hapa. Hakuna wa kukufukuza. Batoto njo banafwata tata yabo. Ni desturi, si minye niliitunga."

Tata ni baba: basi mimi na Beya tulihesabiwa Wakasai. Wakatoka, wakashukuru kwa munkoyo. Mama alibaki amesimama na jagi mkononi, na hakuna aliyemwambia aliweke chini.

Watu wazima walijua kinachoendelea stesheni. Familia zilikuwa zimelala kandokando ya reli kwa majuma, zikingoja behewa. Surua ilikuwa inapita katikati ya watoto, na hata waliopata behewa walikuwa wanazika njiani. Mama alimwangalia Beya akikohoa, akatoka nje, akarudi, akamwangalia tena. Sisi tungemfuata Papa, Beya asingefika. Nilikuja kulijua hilo baadaye; wao walilijua siku ileile.

Mjomba Kalenga, kaka yake Mama, akaja kwa baiskeli kutoka Lufira na samaki wakavu nyuma. Walizungumza jikoni, mlango umerudishwa, nami nikaweka sikio. Nilipata vipande tu. "Habataniamini minye," mjomba alikuwa anasema. "Ni weye njo utasema. Mbele ya bantu bote, na sauti." Papa akasema, "Siwezi." Mama alikuwa analia kwa ile sauti ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitenge. Kisha Papa tena: "Basi. Nitasema."

Nilirudi chumbani mbio nikamweleza Beya. Papa atasema mbele ya watu wote kwamba yeye anajua kuendesha ndege! Na wakishajua hivyo, kwa nini watupakie kwenye treni? Beya akauliza kama kwenye ndege kuna chakula. Nikamwambia kipo. Nikafua soksi zangu nyeupe za komunyo, nikazianika nyuma ya nyumba, nikazilinda mwenyewe zisiibiwe. Papa naye alikuwa anafungua kila kitu, bisibisi mdomoni. Alirudisha pedali, akarudisha springi za kitanda chetu mahali pake, akazibonyeza kwa kiganja moja moja. Niliamini anafungasha.

Siku ya Posho vijana walipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, wakawatoa watu nje, wakatusukuma barabarani kuelekea stesheni. Papa alikuwa na mfuko mmoja. Mama alimbeba Beya, mimi nimevaa soksi zangu, mjomba anasukuma baiskeli pembeni yetu. Sijawahi kuona tena watu wengi namna ile wakitembea kimya. Walibeba magodoro, sufuria, milango ya nyumba zao. Naam, milango, walikuwa wameing'oa. Langoni pa stesheni vijana walikuwa wamefanya mstari, wanawachambua watu, huyu aingie, huyu arudi.

"Na haba batoto?" mmoja akauliza. "Tata yabo si uyu?"

"Ni batoto ba dada yangu," mjomba akasema.

"Sikuuliza mama. Nauliza tata."

Nikainua uso kumwangalia Papa. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha. Nilikuwa nangoja aseme habari ya ndege.

"Haina batoto yangu," Papa akasema.

Alisema kwa sauti ndogo kwamba sisi si watoto wake, nikadhani sikusikia sawasawa. Deo alikuwa amesimama kando ya lango; akasogea. Yeye alitujua vizuri. Nilikuwa nimemsomea namba siku ya Mungu ileile iliyopita, na alikuwa ameniona nikizaliwa. Akamtazama Papa kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akarudi kwa Papa.

"Sema na nguvu, Papa. Bote basikie."

Papa akavuta pumzi. Akatumia ile sauti ya kiwandani, ya kuzishinda mashine. "Haba batoto haina yangu! Nilibakuta na mama yabo! Tata yabo simuyui!"

Watu waligeuka. Wengine waliguna, mwanamke mmoja akamtemea Mama mate karibu na miguu, na Mama akainamisha kichwa kama mke aliyefumaniwa, akakubali aibu ile yote bila kufungua mdomo.

"Batoto batoke kwa mustari," Deo akasema.

Niliita "Papa!" mara moja tu. Mjomba akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka samaki, akanibana kifuani kwake mpaka nikakosa pumzi. Papa akapita lango na mfuko wake. Hakugeuka. Mpaka leo sijui kama Deo alimlazimisha kurudia ili amuumize au ili atuokoe. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Mama, akaniambia hata yeye hajui, na kwamba kwa miaka yote amemwombea Deo heri na shari kwa zamu.

Mama hakutueleza kitu. Mtoto akijua, mtoto atasema, na vijana walikuwa bado wanazunguka. Ilibidi uongo ule ukae ndani ya nyumba pamoja nasi na kula bukari pamoja nasi. Mimi niliuamini. Nilisimama mbele ya kioo nikaipima pua yangu, nikapima vidole vyangu virefu, nikasema havifanani na vyake hata kidogo. Nikajieleza kila kitu upya: kwamba jioni zile zote alikuwa anajifunza njia ya kwenda kwao peke yake, na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nakaa pale kumsomea. Nilimchukia. Sitaki kulipamba neno hilo. Ukweli wenyewe nilikuja kuambiwa siku tulipoletewa habari kwamba amefariki Mwene-Ditu, huko Kasai, katika chumba cha kupanga, na mimi wakati huo nilikuwa nanyonyesha mtoto wangu wa kwanza. Mama alinieleza akiwa ameshika miguu yangu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana hakuna tena wa kumwendea na kumwambia kwamba nimeelewa.

Lakini hayo ni ya mbele. Jumatatu, baada ya ile siku ya Posho, Mama alinichana nywele, akanishika mkono mpaka shuleni, akazungumza na mwalimu pembeni, mdomo kwenye sikio. Nusu ya madawati yalikuwa matupu. Mwalimu, mama mmoja mnene aliyenifundisha kusoma, akafungua daftari lake na kuanza kuita. Alipita mahali ambapo siku zote lilikuwa jina langu, akaenda mbele bila kulitaja. Kule chini, mwisho kabisa, akaita, "Kalenga Kabwe."

Hakuna aliyeitika. Wenzangu wakaanza kutazamana, wakitafuta mgeni ni nani.

"Kalenga Kabwe," akarudia, na safari hii alinitazama mimi, macho yake yananiomba.

Nilifikiri. Kalenga lilikuwa la mjomba, kwa hiyo aliyeitwa ni mimi. Ngalula lilikuwa jina la mama yake yule mwanaume, na yule mwanaume alikuwa amesema mbele ya mji mzima kwamba mimi si wake. Basi na jina si langu, alichukue.

Nikasimama. "Présente," nikasema.